Wakia Tano za Gari la Vuai

Sitaki mtu aniambie kwamba Jairus Onyango alikuwa mtu mwema. Alikula pilau yangu Idi mbili mfululizo, akafutia mikono taulo langu jipya, kisha kiwandani, mbele ya Waingereza, akamwita mume wangu "mtu wangu wa ufagio." Mimi sisahau. Watu wa mtaani kwetu Aston wanasema Mwanamize ana ulimi. Kweli ninao, na siku ya mashindano niliutumia wote.

Mume wangu Vuai ni seremala, mtoto wa seremala. Baba yake alichonga milango Unguja, na mpaka leo ipo. Tulipokuja Birmingham mwaka wa sitini na tano, Vuai alipata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, katika chumba zinamotengenezwa kalibu za mbao. Nikasema alhamdulillahi, amerudi kwenye mbao. Kumbe alipewa ufagio. Miaka saba alifagia maranda ya watu wasiojua kunoa patasi. Jioni alikuwa akinisimulia makosa yao moja moja, na mikono yake haikutulia juu ya meza.

Onyango alikuwa karani wa stoo hapo hapo. Mkenya, amesomea ufundi karakana za reli Nairobi, na alikuwa na kalamu tatu mfukoni.

Mwanzo wa mwaka wa sabini na mbili meneja alirudi safari ya Amerika na mchezo mpya. Kila mtu anayetaka anapewa kigogo cha msonobari cha shibiri moja, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashikilia. Unachonga gari. Halina injini, linaachiwa juu ya njia ya mbao yenye mteremko, na litakalofika chini kwanza limeshinda. Sheria kubwa ilikuwa moja tu, gari lisizidi uzito wa wakia tano. Meneja akaongeza lake: fundi mmoja anastaafu Pasaka, na kibarua ambaye gari lake litashinda atapewa meza ya fundi huyo. Labda alikuwa anatania. Vuai hakulichukua kama utani, na mimi pia sikulichukua hivyo.

Aling'oa mlango wa jikoni, akauegemeza kwenye meza, ukawa ndio mteremko wake. Mwezi mzima nilipika na baridi ya ukumbini ikinipiga mgongoni. Alichonga gari jembamba, akalitoboa, akajaza vipande vya risasi, chuma kile laini kizito cha kuzibia paa.

"Mize, uzito ndio injini," aliniambia. "Gari jepesi hewa inalishika, misumari inalishika, linachoka njiani. Zito linapita tu."

"Basi jaza."

"Wakia tano, haizidi. Na risasi iweke nyuma. Gari likiwa juu ya mteremko, nyuma ndiko kuliko juu zaidi, kwa hiyo risasi ina safari ndefu zaidi ya kuanguka. Lakini ukiipeleka nyuma mno, pua inainuka, gari linayumba."

Akaniachilia magari mawili nione, moja tupu, moja na risasi. Lile zito lilimpita mwenzake kabla halijafika kitasa. Alikwenda dukani kwa Jagdish, akalipima kwenye mizani ya bizari: wakia tano kamili. Misumari aliipaka unga mweusi wa penseli ili magurudumu yateleze. Tangu tuondoke Unguja sikuwa nimemwona ana furaha kama ile.

Jumamosi asubuhi alikwenda kuoga, mimi nikabaki na gari. Nikaliona kavu, limefifia, misumari imejaa masizi. Kwa kina Vuai kitu cha mbao hakitoki nyumbani bila kupakwa mafuta. Mlango, kitanda, hata kinu. Mama mkwe angeniona nikilitoa vile angenicheka. Nikayeyusha mafuta ya nazi juu ya hita ya mafuta ya taa, nikalisugua gari lote mpaka mbao ikanywa. Misumari nikaipangusa ule weusi, nikatia tone kila mmoja. Nikazungusha gurudumu, likazunguka mpaka nikachoka kulitazama. Nikalifunga kwenye kitambaa, nikalitia mkobani. Nyumba yetu ilinukia nazi, nywele zangu zilinukia nazi, kwa hiyo Vuai hakushtuka.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi jirani na kiwanda. Wachimba makaa walikuwa kwenye mgomo, umeme unakatwa kwa zamu, na mchana ule zamu ilikuwa yetu. Hita zimekufa. Watu wamekaa na makoti, pumzi zinaonekana. Vibarua walioleta magari walikuwa wawili tu, Vuai na Baldev. Na kwenye mizani, bila shaka, alikaa Onyango.

Mimi nilisimama karibu naye makusudi. Nilikuja kumlinda mume wangu na mkono wa Onyango. Sikutazama kitu kingine.

Akaweka gari la Vuai, akainama, akainama tena.

"Imezidi."

"Haijazidi," Vuai akasema. "Nimelipima kwa Jagdish."

"Bwana Vuai, scale ndiyo hii. Imezidi kidogo lakini imezidi. Rules ni rules. Ama utoe kitu, ama usikimbize."

"Ondoa kidole chako kwenye sahani!" nikasema.

"Mama, mikono yangu hii hapa." Akainyoosha juu, kwa dharau, watu wakacheka.

Vuai alitoa kisu. Alikwangua risasi ya nyuma, ile aliyoipangia mwezi mzima, unyoya mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mshale ukakubali. Uso wake ulikuwa umepauka. Nilimchukia Onyango kwa moyo wangu wote, na nilijisikia vizuri kumchukia.

Magari yakawekwa juu. Ubao uliokuwa ukiyazuia ukashushwa. La Baldev, ambalo lilikuwa kigogo kilekile kimekatwa pembe tu, likatoka. La Vuai likasita, likatoka nyuma yake, na kila hatua likazidi kupungua mwendo. Lilifika chini Baldev ameshakumbatiwa.

"Mwizi!" nilipiga kelele. Sikujali nani anaelewa Kiswahili na nani haelewi. "Umemkata uzito wake! Mizani umeiharibu wewe! Umekula kwangu, Onyango, unamfanyia hivi mwenzio, unaogopa atakaa meza ya fundi na wewe utabaki kuhesabu misumari!"

Onyango alikwenda mwisho wa njia, akaliokota gari, akasukuma gurudumu kwa kidole. Halikuzunguka. Akalisukuma tena. Kisha akakwangua msumari kwa ukucha, akaleta ukucha puani, akaunusa.

Ukuchani palikuwa na kitu cheupe, kimeganda.

Mimi kila asubuhi ya baridi nayeyusha mkebe wa mafuta ya nazi kabla ya kusuka nywele. Miaka saba. Nani alijua kuliko mimi kwamba baridi huyagandisha? Na yale yaliyonywewa na mbao ndiyo yaliyozidisha uzito.

Onyango alinitazama. Akatazama nywele zangu. Akafuta ukucha kwenye suruali yake, akamgeukia Vuai.

"Ni mimi," akasema. "Nilikutolesha risasi mingi sana. Gari ilikosa uzito. Pole, ndugu."

Vuai akamtemea mate miguuni.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nilikuwa nayo njiani, nilikuwa nayo nyumbani. Jumatatu Vuai alipokwenda kufagia, niliyachomoa magurudumu, nikasugua misumari kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Mwezi wa tatu akalitoa tena gari, akang'oa mlango, akaliachilia. Likapaa.

"Unaona?" akasema. "Halina kosa! Hata na risasi iliyobaki! Yule mtu alicheza na mizani."

Meza alipewa Baldev. Vuai anafagia mpaka leo, na tangu siku ile hakumwitikia Onyango salamu hata mara moja.

Mwaka juzi Onyango alikuja kutuaga, anarudi Kisumu moja kwa moja. Alivaa suti, ameshika kofia mkononi. Vuai alifungua, akamwona, akaubamiza mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye ukumbi mwembamba, na nilisikia viatu vya yule mtu vikikaa kidogo nje, kisha vikishuka ngazi.

Unaelewa sasa kwa nini simpendi? Nani alimwomba anibebee?

"Mwizi wa mizani," Vuai akasema.

"Mwizi kweli," nikamjibu.