Fundi Bomba na Kidude cha Sauti

Fundi Bomba alipostaafu kuchimbua mabomba ya watu, alijichimbua mwenyewe akakuta ndani yake mna wimbo. Ulikuwa wimbo wa harusi ya bintiye, wenye beti nyingi, na hakuna ubeti hata mmoja ambao binti mwenyewe angependa usikike. Ubeti wa kwanza ulieleza jinsi alivyozaliwa na kichwa kirefu. Wa pili ulieleza alivyokula sabuni. Lakini uliomnyima binti usingizi ulikuwa wa saba, nao baba mtu aliupenda kuliko yote, kwa sababu ulikuwa wa godoro: godoro lililoanikwa juani kila asubuhi mpaka mwenye nalo alipofika darasa la tano.

"Baba, huo utoe," binti alimsihi.

"Nitoe godoro? Hapo ndipo watu watatoa machozi."

"Watacheka!"

"Wacheke. Wakishacheka watalia."

Na wakwe watakuwepo, wamekaa meza ya mbele, mama mkwe katikati yao.

Fundi Bomba hakutaka kuimba ukumbini moja kwa moja. Alitaka kurekodi nyumbani, kwa utulivu, halafu siku yenyewe wimbo upigwe kwenye spika kubwa naye akae akipokea pongezi. Tatizo lilikuwa kompyuta. Tangu bibi, mama yake Fundi Bomba, alipoimwagia chai, spika zake za ndani zilinyamaza na tundu la hedifoni likafa. Ndipo Fundi Bomba akaja na kidude. Hakikuzidi kiberiti kwa ukubwa. Upande mmoja kilichomekwa kwenye tundu la USB, upande wa pili kilikuwa na matundu mawili, moja la hedifoni na jingine la maiki. Muuzaji alimweleza kwamba sauti itaruka mahali palipoharibika ipite humo.

"Yaani ni bomba la pembeni," alisema Fundi Bomba. "La zamani likioza, unalizunguka."

Muuzaji alisema ndiyo, hivyo hivyo, maana alikuwa anataka kufunga duka.

Siku ya kwanza kidude kilifanya kazi vizuri mno. Fundi Bomba alichomeka maiki, akavaa hedifoni, akafunga mlango, akaachia koo. Jikoni, bibi aliweka kisu chini.

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake, "huyu mwanangu amebanwa na mlango?"

"Anaimba, bibi."

"Hiyo ndiyo ya harusini?"

"Ndiyo hiyo."

Bibi akasikiliza kidogo. Godoro lilikuwa limeshatolewa nje, linaanikwa. "Basi fanya kitu," alisema. "Si wewe unayeshinda na makompyuta?"

Ni kweli binti alikuwa akishinda nayo. Alifanya kazi katika duka la kuchapisha: barua, kadi, picha za pasipoti. Mambo ya sauti hakuyajua sana, ila alijua kwamba kwenye mipangilio kuna mahali pa kuiambia kompyuta sauti iimwage wapi. Baba yake alipokwenda kuoga, akaingia chumbani, akaondoa alama kwenye kidude, akaiweka kwenye zile spika za ndani zilizokunywa chai. Mara akawa ametoka, anapembua mchele kama mtoto wa watu.

"Maji yamekatika!" sauti ya Fundi Bomba ilivuma kutoka chumbani. Kwake yeye kila kitu kilikuwa maji. "Binti! Njoo uone, hakutoki hata tone."

Ikawa hivyo: aliyeharibu ndiye akaitwa kutengeneza.

Fundi Bomba alikuwa na namna yake ya kutafuta hitilafu, na hakuibadilisha maisha yake yote. Alianzia bombani akarudi nyuma kuelekea tangi, kiungo kwa kiungo. Bomba lilikuwa hedifoni. Akazichomeka kwenye simu yake, zikaongea. "Bomba zima." Akaja kwenye kidude. Akakichomoa, akakipuliza, akakichomeka tundu jingine.

Hapo binti akaona hatari. Kila kidude kilipochomekwa upya, kompyuta ilikipenda tena na kukirudishia sauti.

"Nipishe, baba, nikuangalizie," alisema, akajipenyeza mbele ya kioo cha kompyuta, akarudisha alama kwenye spika zilizokufa. "Mh! Bado."

Fundi Bomba akazima kompyuta, akaiwasha upya. Binti akaona kidude kimechaguliwa tena.

"Baba, miwani yako umeiacha wapi?"

Baba akageuka kuitafuta mezani, dirishani, chini ya mto. Ilikuwa kwenye paji la uso wake. Alipoigundua, kazi ilikuwa imeshaisha.

"Kidude kimekufa," binti alitangaza kwa masikitiko. "Vitu hivi havina maisha."

"Kingekufa kingewasha taa?" Kweli, kitaa cha buluu kilikuwa kikimtazama binti bila kupepesa. "Nakwenda kwa muuzaji. Anipe kingine tujaribu."

Kabla hajatoka, alifungua programu ya kurekodia, akabonyeza kitufe chekundu, akaiacha ikiendelea. Ni tabia ya mafundi bomba. Maji yakikatika, wanaacha koki wazi, ili yakirudi yajitangaze yenyewe. Binti alimwona akigusagusa, hakujali. Aliifungua tena ile mipangilio yake ahakikishe mambo, nayo ikaifunika programu yote. Kichwani mwake, kompyuta iliyonyamaza imenyamaza basi. Hakuwaza kwamba ameiziba mdomo tu na masikio ameyaacha wazi.

Bibi akaingia, akaketi kwenye kiti cha mwanawe, maiki ikiwa imemkabili kidevuni.

"Umemweza?"

"Nimemweza. Akirudi namwambia arudishe kidude dukani."

"Afadhali. Sauti ile ni ya kumwitia mtu aliye shimoni." Bibi akajinyoosha. "Ingawa hao wakwe zako nao wangestahili. Yule mama mkwe wako anavyocheka! Kama bawaba inayolilia mafuta."

"Bibi, jamani!"

"Nimesema uongo? Na mume wako masikio yanafika, halafu yeye anafuata."

Binti alicheka mpaka akashika meza. Angeishia kucheka, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini shetani wa utani alishampanda. Akabana pua, akamwiga mama mkwe akicheka, bawaba na mafuta yake, halafu akamwiga akionja mchuzi na kukunja uso. "Huu ni mchuzi, mwanangu, au mmeosha vyungu?" Bibi akataka arudie. Akarudia, safari hii na mwendo.

Fundi Bomba alirudi mikono mitupu, duka limefungwa. Akaketi, akavuta miwani machoni, akaisogeza pembeni ile mipangilio. Chini yake, programu ilikuwa bado inarekodi. Mistari ya kijani ilipanda na kushuka.

"Kohoa, mama," alisema.

Bibi akakohoa. Mistari ikaruka juu.

"Mita inazunguka," alisema Fundi Bomba polepole. "Bombani hayatoki, lakini mita inazunguka. Basi kuna yaliyoingia kwenye tangi."

Binti akainuka haraka. "Baba, kunywa chai kwanza."

"Bomba likiziba, unachota na ndoo." Baba akachukua waya wa kuchajia, akaunganisha simu na kompyuta, akahamisha kile kilichorekodiwa. Alifanya taratibu, kidole kimoja kimoja, huku binti akijaribu kumkumbusha mambo ya nyumbani: geti halijafungwa, majirani wanamwita, kuna kitu kinaungua jikoni.

"Hatujapika," alisema baba, akabonyeza.

Simu ilitoa sauti safi kabisa. Nyayo. Kiti. *Umemweza? Nimemweza.* Kisha shimo, bawaba, masikio, mchuzi, na mchuzi mara ya pili. Bibi aliangalia dari kama anayetafuta buibui. Binti aliangalia vidole vya miguu yake.

Rekodi ilipoisha, Fundi Bomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati muda mrefu.

"Kwa hiyo sauti yangu ni ya shimoni."

Akairudisha miwani machoni.

"Nimekubali," alisema. "Siimbi."

Binti akainua macho. Hakuamini. Alikuwa tayari kwa makelele, hata kwa kufukuzwa chumbani, ila si kwa hili. Karibu amkumbatie.

"Ila ukumbi hauwezi kukaa kimya," baba akaendelea, akiipigapiga simu kiganjani. "Nitapeleka hii. Sauti imetoka vizuri, hasa pale kwenye bawaba. Mama mkwe wako atapenda kusikia anavyoigwa na mtaalamu."

"Baba!"

"Ni kazi nzuri. Mnataka ipotee?"

"Baba, futa. Nakuomba. Imba wewe."

Fundi Bomba akaweka mkono nyuma ya sikio. "Unasemaje? Hapa kuna tatizo la sauti."

"Imba, baba! Imba wimbo wako!"

"Wote?"

"Wote."

"Na godoro?"

Binti akamgeukia bibi. Bibi bado alikuwa na buibui wake. "Na godoro," alisema, kwa sauti ambayo hata maiki nzuri isingeidaka.

"Libaki la saba au lisogee mwanzoni?"

"La saba, baba. La saba linatosha."

Kwa mkono wake mwenyewe akafungua mipangilio, akarudisha alama kwenye kidude. Hedifoni zikapiga mluzi mwembamba, baba akatabasamu, akaanza kusafisha koo. Akaahidi kufuta yale mengine wimbo ukishakamilika.

"Ngoja," alisema bibi. "Wimbo gani hauna waitikiaji? Mimi na mke mwenzangu tutaitikia."

Fundi Bomba alifurahi mno. Aliwapanga pembeni yake, akawafundisha kiitikio, nao wakaitikia kwa adabu ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Ulipofika wa saba, bibi akaivuta maiki upande wake, akamkanyaga mjukuu mguu, akafungua mdomo. Binti akaelewa. Wakaitikia wote wawili kwa nguvu za mapafu yao, kabla ya zamu yao, katikati ya zamu yao, na baada yake, wakipiga makofi na vigelegele, godoro likatolewa nje na kuanikwa bila mtu duniani kujua lilikuwa na nini.

Fundi Bomba akang'oa hedifoni. "Punguzeni! Maneno yangu hayasikiki hata moja!"

"Sisi mbona tunakusikia vizuri, baba," alisema binti, akifuta jasho. "Labda ni kidude."