Jina la Wapasua Mbao

Prudensia aliendesha gari kutoka Euless mpaka Houston, hukohuko Texas, bila kuwasha redio. Saa nne nzima! Mwanamke ambaye hata akienda kununua mkate lazima kwaya iimbe ndani ya gari. Siku hiyo, wapi. Viganja vilitoka jasho kwenye usukani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Binti yake wa pekee, Precious, alitaka kuolewa na kijana wa Houston aitwaye Wilfred. Kijana ana heshima zake, kazi anayo, kanisani hakosi. Shida ilikuwa jina. Precious ni Sawyer, na Wilfred naye ni Sawyer. Tena babu zao wote wawili walitoka Rungwe wakaenda kufanya kazi Mufindi.

Vijana wenyewe walicheka. “Mama, please,” Precious alimwambia. “Kazini kwetu akina Sawyer wako watano, wazungu kwa weusi. Texas nzima wamejaa. Si ndugu.”

“Hao si Wanyakyusa,” Prudensia alijibu.

Yeye mwenyewe ni Mhaya wa Bukoba, lakini alikaa ukweni Tukuyu vya kutosha kujua kwamba kule watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata uje na askofu. Sasa amuulize nani? Mumewe, Sadock, ana miaka tisa kaburini. Alipokuwa hai, ukimuuliza jina hilo la kizungu lilitoka wapi, alibetua midomo tu na kusema, “La baba.”

Halafu wiki iliyopita Precious akamnong'oneza jingine: ana mimba ya miezi mitatu. Yesu na Maria! Tangu hapo Prudensia hakujua usingizi. Barua ya posa ilikuwa iletwe Jumapili, na aliyesema ataileta mwenyewe ni babu yake Wilfred, Mzee Ambilikile, anayeishi kwa mwanawe mtaa wa Sharpstown, Houston. Prudensia akaona afadhali aujue ukweli akiwa peke yake, kuliko kuusikia mbele ya washenga na masinia ya pilau.

Mzee alikuwa peke yake nyumbani, kajifunika blanketi kwenye kochi, na nje jua linachoma.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka? Hii AC yao itatuua.”

Prudensia hakuwa na nguvu za kuzunguka. Akauliza palepale: hili jina la Sawyer limetoka wapi?

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Hilo si jina la ukoo, mama. Ni kazi! Tulikuwa tunapasua mbao. Mnachimba shimo, gogo mnalilaza juu yake. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anaingia chini, msumeno unapanda na kushuka kati yenu. Mzungu msimamizi majina yetu yalimshinda. Akaandika jina la kwanza, na pembeni kazi: sawyer. Karani alipotuandikia vipande, zile kadi za kuhesabia siku za kazi, akanakili yote pamoja. Tulikuwa watu ishirini na wanne, wote tukawa Sawyer. Watoto wakasajiliwa shule hivyohivyo, mpaka huku mmefika nalo. Na nasikia hata kwao wazungu lilianza hivyo. Mpishi akaitwa Cook, mwoka mikate akaitwa Baker.”

Prudensia alishusha pumzi. “Kwa hiyo si undugu?”

“Ngoja kwanza.” Mzee hakuwa anacheka tena. “Mimi kule nilienda na mdogo wangu wa damu. Tuligombana, akahama, sijamwona mpaka leo. Baba wa mumeo aliitwa nani?”

“Anyosisye.”

Mzee aliikunja pembe ya blanketi. Friji ilikuwa inanguruma jikoni.

“Mdogo wangu ni Anyosisye,” alisema.

Prudensia alimwona Precious akilini, na mkono wake tumboni. Eti ataanzaje kumwambia?

“Lakini shimo la pili palikuwa na Anyosisye mwingine,” mzee aliendelea, “wa akina Mwakalinga. Sisi ni Mwaipaja. Mumeo siku ya kumzika walimlilia kwa jina gani? Kule kwetu mtu haliliwi kwa jina la kipande. Kina mama wanaita ukoo wake.”

Walilia, ndiyo, kule Tukuyu walikomzika, lakini kwa Kinyakyusa, na yeye siku hiyo alikuwa hajui hata amesimama wapi. Kulikuwa na video, maana msiba ule ulikuwa na mpiga picha kama harusi. Ilikuwa kwenye simu yake miaka yote tisa, na kila alipobadili simu aliihamisha bila kuifungua. Aliogopa.

“Fungua, mwanangu,” mzee alisema.

Akafungua. Kwaya, jeneza, yeye mwenyewe ameshikwa na wanawake wawili, kitambaa kimemdondoka kichwani. Aligeuza uso. Mzee aliisogeza simu sikioni, kilio cha wanawake kikajaa sebuleni.

“Rudisha hapo.”

Akarudisha.

“Rudisha tena.”

Mara ya tatu mzee alifumba macho, midomo ikicheza. Prudensia alikuwa anasali bila maneno. Mwishowe mzee akaiweka simu gotini.

“Wanamlilia Mwakalinga,” alisema. “Ni wa shimo la pili. Hamna damu hapo.”

Prudensia aliporomoka kwenye zulia akalia kwa sauti, asante Yesu, asante Yesu, hata aibu hakuona. Ilimchukua muda kusikia kwamba si yeye peke yake anayelia.

“Wilfred aliponitajia jina la huyo binti,” mzee alisema, “nikajua Mungu kanirudishia mdogo wangu. Ndiyo maana nilitaka kuileta barua mwenyewe, nimtafute kwenu. Nilikuwa naogopa kuuliza, nisije nikaambiwa siye.”

Simu ikaita pale gotini kwa mzee. Alikuwa Precious.

“Mama? Umefika? Mama, are we okay?”

Mzee alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya blanketi.

“Mko salama,” Prudensia alisema, kwa sauti ya chini kabisa, maana aliona aibu kufurahi mbele ya mzee.