Kufuli ya Mhoja

Siku Mhoja aliporudi jineri, mfanyakazi mwenzake Robi ndiye aliyemkimbilia getini akampokea mfuko wa chakula.

"Karibu kaka! Tulikuwa tunakuombeaga kila Jumapili."

Mhoja aliitikia, lakini moyo haukutulia. Msimu uliopita, kwenye jineri hiyohiyo, kiwanda cha kuchambua pamba pale Nyasura, mashine ilizimwa ili atoe pamba iliyokwama kwenye misumeno. Mkono ukiwa ndani, mashine ikawaka. Alizindukia hospitali Musoma, mkono wa kushoto umeishia chini ya kiwiko. Msimamizi wao, Eliud, alimweleza kwamba umeme ulikatika ukarudi ghafla. Mhoja hakubisha. Ila alikumbuka taa ya juu ya kichwa chake haikuzimika hata kidogo, na zamu ya swichi ilikuwa ya Robi.

Alipotoka hospitali alikaa kwa dada yake, kule Kigera, akijifunza kufunga vifungo na kukaza nati kwa mkono mmoja, huku jambo hilo likimtafuna. Mkewe Yunis alimsihi, "Baba Dotto, ukimtuhumu mtu hivihivi utapoteza na kazi."

"Simtuhumu. Nitamtazama tu."

Akamtazama. Robi alimletea chai, akacheka hata pasipo cha kuchekesha. Mara Mhoja akamkuta ananong'ona na Eliud. Alipokaribia, wakaachana. Baadaye Eliud akamwita.

"Tumeonelea ukae getini. Kazi nyepesi."

"Mimi fundi," Mhoja alijibu. "Nipe mashine yangu, nikishindwa nishindwe mwenyewe."

Wiki haikuisha, mashine ikakwama. Watu wakasimama kumwangalia. Robi akashusha swichi.

"Tayari kaka, ingia."

Mhoja akageuka, akaenda kwenye swichi, akatoa mfukoni kufuli aliyoinunua sokoni Kabasa, akaifunga swichi ikiwa imezimwa, isiweze kuwashwa. Ufunguo akautia mfuko wa shati.

Robi aliduwaa. "Huniamini."

"Siku ile umeme haukukatika, Robi."

Robi akatupa jicho kwa Eliud, aliyesimama mlangoni pa ofisi, kisha akashusha sauti. "Haukukatika. Na mimi sikuwepo, nilitoka kujisaidia. Nilirudi nikasikia unapiga yowe. Aliyewasha simjui. Eliud alisema tukifungua mdomo tunafukuzwa wote."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Hata mimi nilikuogopa. Nilijua umerudi kulipiza kwangu."

Mhoja alimkazia macho. Uongo hakuuona, na ukweli hakuwa na uhakika nao. Lakini kazi ilitaka mikono miwili, naye alikuwa na mmoja.

"Shika tochi. Tunaingia wote."

Kabla ya kuinama, Robi alirudi kwenye swichi, akaivuta kufuli kwa nguvu, akaivuta tena.

"Kumbe na wewe unaogopa?" Mhoja akauliza.

"Tangu siku ile."

Wakaingia. Mhoja alichomoa pamba kwa ndoana, kidogo kidogo, jasho likimchuruzika, kigutu kikimuuma kana kwamba vidole bado vipo. Alisimama mara mbili kupumua. Robi hakumharakisha, wala hakumpokonya ndoana. Mhoja alipofungua kufuli na mashine ikanguruma tena, vibarua walipiga makofi. Eliud alikuwa ameshafunga mlango wa ofisi.

Msimu uliisha Mhoja akiwa fundi wa mashine, na habari ya getini haikutajwa tena. Nani aliwasha siku ile, hajajua. Ila Eliud akisogelea swichi, Mhoja huacha anachofanya, akamgeukia, akamtazama mpaka aondoke.