Mafunzo ya Sass, Jumamosi Saa Nane

Miezi mitano Lynette Adongo alikaa Nyanchwa bila kumpata mtu wa kumwambia kwamba `@import` imekufa.

Msicheke. Kwa mtu anayekula kwa kazi hiyo, habari ile ilikuwa kubwa kuliko ya uchaguzi. Kazi ya Lynette ilikuwa kuzipa tovuti sura: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Vyote aliviandika kwa Sass, lugha ambayo kompyuta huigeuza kwanza ndipo tovuti iielewe. Miaka nenda miaka rudi, ukitaka faili moja itumie nyingine, uliandika `@import`, na majina yote ya ile faili yakamwagika ndani ya yako, upende usipende. Kijani cha huyu kinafuta kijani cha yule, nawe unashinda kutwa ukimtafuta mchawi. Sasa wenye lugha wamesema yatosha. Unaandika `@use`, kila faili inabaki na majina yake, na ukitaka kijani unataja kwanza faili yenyewe, unaweka nukta, ndipo unaita rangi. Safi! Siku Lynette alipogeuza faili ya kwanza ikakubali, alipiga makofi jikoni kwake, akageuka kumtafuta wa kumwonyesha. Kulikuwa na jiko na sufuria.

Nyanchwa aliipenda, hilo mjue. Alikuja mara moja kwenye harusi ya binamu yake, akaonja baridi ya kile kilima juu ya mji wa Kisii, na kampuni yake ya Nairobi iliporuhusu watu wafanyie kazi popote penye mtandao, hakurudi kwao Ugunja wala hakubaki jijini. Alipanga nyumba kwa Mama Nyanchera, chumba na jikoni, dirisha likitazama migomba. Asubuhi alisikia majani yakidondosha umande, akajiambia hapa ndipo.

Ila watu! Si kwamba walimchukia, la hasha. Kwenye bomba la maji walimsalimu, "Bwakire," naye akajibu, "Bwakire buya," na Ekegusii chake kikaishia hapo. Kwa heshima waligeukia Kiswahili, wakamuuliza habari za kazi, habari za nyumbani, halafu mmoja anakumbuka jambo, anacheka, na mazungumzo yanarudi kwenye lugha yao. Nani wa kuwalaumu? Mtu yuko kwao. Lynette alichukua mtungi wake akapanda. Kikao cha kazi cha kila siku kilikuwa picha sita zisizo na sura kwenye kioo cha kompyuta. Na huyu alizaliwa pacha, jamani, yeye na Apiyo, mtu aliyekuwa na mwenzake hata kabla ya kuwa na jina.

Ndipo kiongozi wake, Thadeus, alipomwandikia. Kampuni inapanga upya ofisi. Lynette aseme kabla ya Jumapili jioni: arudi Nairobi, au abaki huko moja kwa moja.

Alitaka kubaki. Alitaka sana, na ukimya ulikuwa umeanza kumla. Kwa hiyo akajiwekea nadhiri ya kitoto, akaishika kama kiapo cha mahakamani: angeitisha mafunzo ya bure ya mambo mapya ya Sass. Kisii na Nyamira nzima haiwezi kukosa mtu anayefanya kazi hii. Akija hata mmoja, abaki. Asipokuja mtu, aende.

Alimtumia Duke wa saiba, kibanda cha intaneti na kuchapisha, maneno ya tangazo kwa simu. Jumamosi, saa nane mchana, kwenye darasa la chekechea karibu na kinu cha posho. Duke akajibu, "Sawa dada, nitachapisha tano nibandike." Lynette alilipita lile la ukutani kwenye kinu mara mbili, asilitazame. Nani husoma alichoandika mwenyewe?

Sasa, Lynette hakuwa mjinga. Alijua kilima kile ni cha Wasabato na kwamba Jumamosi wanasali. Lakini yeye ni Mkatoliki. Kwao misa ikiisha watu wanarudi nyumbani wanakula, siku imekuwa yao. Ndiyo maana akachagua saa nane, na hata akajisifu moyoni kwa kuwajali wenyeji. Hapo ndipo alipokosea. Sabato ya Nyanchwa haiishii kwenye chakula cha mchana. Kuna kipindi cha vijana, kuna kwaya, kuna kuwaona wagonjwa, na mpaka jua lizame hakuna anayefungua kompyuta. Kila mtu pale mlimani anajua. Lakini Lynette angemuuliza nani?

Jumamosi alifagia darasa. Alipanga viti kumi na viwili, vile vidogo vya watoto, akacheka akifikiria watu wazima watakavyokaa magoti yakigusa kidevu. Akatandaza waya wa kuongezea umeme, akaandika `@use` ubaoni kwa herufi kubwa. Saa nane. Saa nane u nusu. Nyimbo zilikuja kutoka kanisani, nzuri, sauti nne zimeshikana. Mama mmoja mwenye gauni jeupe alipita na kitabu chake cha nyimbo, akachungulia mlangoni.

"Sabato njema," akasema.

"Asante, mama," Lynette akajibu, na moyo ukamruka, akidhani amepata mtu. Mama akaenda zake.

Saa kumi alisimama mbele ya vile viti akaanza kufundisha, ili tu aseme amefundisha. "Karibuni," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akajionea aibu kana kwamba kuna aliyesikia. Akafuta ubao, akarudishia komeo la mlango, akapanda kilima.

Jua lilipokwisha kuzama alimbishia hodi Mama Nyanchera, mwenye nyumba, akamwambia anahama.

"Kwani nani amekukosea, msichana wangu?"

"Hakuna, mama."

"Basi ni nini?"

Angeweza kumwambia habari ya mafunzo. Sentensi moja tu, na yule mama angepiga kofi la mshangao amweleze yote. Lakini utamwambiaje mtu kwamba ulialika watu wakakukataa? "Ni kazi tu," akasema.

"Mimi sitakushika kwa nguvu. Lakini ujue nyumba huku haikai tupu. Kuna mwalimu amenisumbua mwezi mzima, nikimwambia leo, Jumatatu analeta kitanda."

"Mwambie, mama."

Akarudi ndani, akamwandikia Thadeus: Narudi. Thadeus akajibu papo hapo kwamba ni vizuri, meza yake itakuwa karibu na dirisha. Kisha Lynette akazima simu, kwa sababu Apiyo angepiga, na Apiyo angeuliza, "Walikuja wangapi?" Jumapili yote alifunga pazia, akafunga mizigo. Hata misa hakwenda.

Jumatatu alfajiri alikumbuka waya wake. Gari la mizigo lilikuwa lije saa tatu, na watoto wa chekechea huingia saa moja u nusu, kwa hiyo alishuka mapema, ukungu ungali kwenye migomba. Akafungua komeo.

Viti havikuwa vile alivyoviacha. Vilikuwa vimepangwa duara, saba, vingine vimesukumwa ukutani. Ubaoni kulikuwa na mwandiko usio wake. Mtu alikuwa ameandika `@use "rangi";` na chini yake `color: $kijani;`, akazungushia mstari, na pembeni, kwa chaki nyekundu: Kwa nini inakataa?

Lynette alishika meza ya mwalimu. Hakutaka kuelewa, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaelewa. Akaiwasha simu.

Ikaanza kutetemeka mkononi na haikunyamaza. Duke, jana, saa nane na dakika tano: "Dada, watu wamefika, uko wapi?" Duke tena: "Ile siku nilikurekebishia kwa karatasi, uliandika Jumamosi, nikajua kidole kimeteleza. Nikaweka Jumapili." Duke: "Dada?" Namba asiyoijua: "Mwalimu, mimi ni Nyasani, nafundisha kompyuta Magwagwa, nimekuja na wanafunzi wangu wawili. Tunakungoja." Kisha simu ambazo hazikupokewa, kumi na nne. Apiyo ni mbili tu kati ya hizo.

Alitamani kumkasirikia Duke, ikashindikana. Duke alifanya kama mtu yeyote wa pale angefanya: aliona kosa la mgeni, akalifunika kwa upole ili asiaibike. Alitamani kujikasirikia yeye, na hilo likawezekana kabisa. Alilia akiwa amesimama, bila kufuta machozi. Watu saba! Yeye alikuwa ameomba mmoja.

Mezani, chini ya kipande cha chaki, kulikuwa na karatasi ya daftari iliyopigiwa mistari kwa rula. Watu wa huku hawaketi pamoja bila katibu, na katibu alikuwa mtu anaitwa Bochaberi, wa Gesima, mwenye mwandiko mzuri wa kulala.

"Kumbukumbu za mafunzo. Waliohudhuria: saba." Majina yakafuata, namba zao za simu, na kila mtu alikotoka. "Mkutano ulifunguliwa kwa maombi saa nane na robo. Mwalimu hakufika. Bwana Nyasani alijaribu kutufundisha aliyoyasoma mtandaoni, akakwama. Tuliamua kumwombea mwalimu, kwa kuwa ni mgeni na hatujui kama ana mtu hapa. Mkutano ulifungwa kwa maombi saa kumi na moja."

Aliisoma mara mbili. Nje, juu mlimani, alisikia mlango wa gari ukifungwa na mwanamume akimwita Mama Nyanchera kwa Ekegusii, na sauti ya kitanda cha chuma kikiteremshwa. Yule mwalimu aliyeitaka nyumba hakungoja hata jua likae sawa.

Lynette aliokota chaki. Mbele ya `$kijani` akaongeza neno na nukta, ikawa `rangi.$kijani`, na chini ya lile swali jekundu akaandika: Itaje kwanza faili, itakubali. Watoto wangefuta kabla ya saa mbili, hilo alilijua. Akauzungusha waya wake mkononi.

Kisha akarudi mezani, akatoa kalamu, akaitafuta ile sentensi iliyosema mwalimu hakufika. Hakuikata. Aliandika juu yake, kwa herufi ndogo zilizotosha kwenye nafasi ya mstari mmoja:

Alifika. Jumamosi.