Daktari Aliyesema Tungoje

Hakuna mteja aliyewahi kumwona Bi Hariri kichwa wazi. Asubuhi akifungua saluni alikuwa ameshafunga kilemba, fundo ubavuni, rangi ikienda na gauni, na wateja walidhani ni madoido ya kazi. Jina la Hariri walimpa wao wenyewe kwa sababu ya mkono wake. Mtoto mlizi akikalishwa mbele yake alisinzia, na mtu mzima aliinuka na mistari iliyonyooka kama imepigiwa rula, bila chozi hata moja.

Kichwani pake mwenyewe mkono ule haukuwa hariri. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini yeye alijisuka, tena kwa kukaza, tangu ujanani, maana kichwa cha msusi ndicho bango lake na mstari uliokazwa ndio unaong'aa. Nywele za mbele zikaanza kukatika. Zikageuka malaika, kama za mtoto mchanga, halafu zikatoweka kabisa, ikabaki ngozi tupu kutoka sikio hadi sikio, laini kama kisahani.

Aliyeijua siri hiyo ni wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mrefu mcheshi aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli. Kaka hakuwa na dada mwingine, na wifi hakuwa na ndugu wa karibu, basi wawili hao wakawa chanda na pete. Jumapili, saluni ikiwa imefungwa, wifi alikuja kusukwa bure na kulipa kwa maneno.

"Wifi, hizi nywele zako zimerudi nyuma hivi kwa nini? Zimeuona uso zikaogopa?"

"Zimeuona wako. Tulia nisikutoboe sikio."

Walicheka mpaka chanuo likaanguka. Wifi akishaondoka, Bi Hariri alifunga kilemba upya akiwa ameupa kioo mgongo.

Siku moja aliinama kurekebisha kofia ya mashine ya kukaushia nywele, kilemba kikanasa, kikatoka chote. Mteja aliyekuwa amekaa pale alimwona kwenye kioo. Alilipa, akashukuru, asirudi tena, na baada yake wawili watatu wengine wakapotea. Bi Hariri hakuwalaumu. Nani apeleke kitambaa kwa fundi anayevaa viraka?

Ndipo akaanza kutafuta daktari wa kupandikiza nywele. Kwao hakukuwa na aliyesifika kwa kazi hiyo, ikabidi atafutwe wa ng'ambo, na kwa wiki kadhaa yeye na wifi walikaa kwenye kochi la saluni, vichwa vimegusana juu ya simu moja, wakipitia sura za madaktari kama watu wanaochagua mchumba.

Wa kwanza kuzungumza nao kwa video alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni, mkalimani pembeni yake. Hakuanza na bei wala tarehe. Alimwomba Bi Hariri afungue kilemba, asogee dirishani, ageuke, ainame. Kisha yakaja maswali. Ameacha lini kujisuka kwa kukaza? Akijikata, kidonda kinapona laini au kinainuka? Bi Hariri akamwonyesha kinundu nyuma ya sikio, kilichoota zamani alipotobolewa.

Mama yule alivaa miwani, akakitazama. "Nywele zako," alisema, na mkalimani akafuata, "zinajipinda hata chini ya ngozi, kusikoonekana. Chombo kikishuka wima kinakata mzizi kabla hakijautoa. Vichwa vya namna hii nimevifanya, lakini si vingi. Ningeanza na kipande kidogo kama ukucha, kisogoni, tunakochukua nywele za kupanda, tungoje miezi tuone kovu linakuwaje. Na huenda baada ya hapo nikakuambia tuache kabisa."

Wifi alikuwa akichungulia begani. Daktari akamnyooshea kalamu. "Huyo ndugu yako nimeliona paji lake, nywele zimeanza kupungua. Zake bado ziko hai. Aache kuzivuta, zitajaa zenyewe. Asiguswe na mtu."

Simu ilipokatika wifi alisonya. "Daktari gani huyu, anakutisha hata hujampa kichwa? Na mimi nilimuuliza?"

Bi Hariri alicheka, lakini neno lililomkaa moyoni lilikuwa lile la kungoja. Alikuwa amengoja miaka. Alitaka mtu wa kumwambia njoo.

Mtu huyo alipatikana. Alikuwa wakala wa kliniki moja kubwa, kijana aliyezungumza Kiswahili kama amezaliwa nyumba ya pili, na kila sentensi yake ilianza na "dada yangu". Dada yangu, safari moja tu na kazi imekwisha. Dada yangu, gari litakungoja uwanja wa ndege. Kichwa kama chako daktari wetu anakifanya amefumba macho. Alimvika kilemba cha ukoka, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Picha alizotuma zilipendeza. Upande huu upara, upande huu msitu. Bi Hariri alizipitia moja moja kwa jicho la kazi, akaona jambo. Wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa na nywele zilizonyooka kama nyuzi za kushonea.

"Mbona sioni mwenye nywele kama zangu?" aliuliza.

"Dada yangu, nywele ni nywele," wakala akajibu.

Baadaye neno hilo ndilo lililomrudia kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa amekula kwa kujua kwamba nywele si nywele. Kila kichwa kina mkono wake; kuna cha kuchanwa kikiwa kibichi, kuna cha kupakwa mafuta kwanza, kuna kisichotaka chanuo kabisa. Msichana wa mazoezi angemjibu vile angemwondoa kitini. Lakini wakala alimwulizia tu tarehe.

Wateja aliwaambia anakwenda kutazama mitambo ya saluni. Kule ng'ambo gari kweli lilimngoja, na chumba cha hoteli kilikuwa na shuka nyeupe na kikapu cha matunda. Daktari mwenyewe alimwona asubuhi. Aliingia ananukia manukato, akamchorea mstari kwenye paji kwa kalamu, akampigapiga bega, akatoka. Hakumwona tena.

Waliobaki ni vijana wenye barakoa. Walimlaza kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, akachomwa sindano ya ganzi. Maumivu hayakuwepo. Alichosikia ni sauti, kama mtu anayetafuna mchanga mbali, na alichoona ni vigae vya sakafu na viatu vya mpira. Baada ya muda sauti ikasimama. Mmoja alisema kitu kwa lugha yao, mwenzake akajibu kwa kifupi, wakabadilisha chombo. Wakaanza tena, wakasimama tena. Msusi anajua mikono iliyokutana na kichwa isichokiweza. Hata kwa ganzi aliihisi. Alitaka kusema basi, mwiteni daktari. Wakala hakuwamo chumbani, na yeye neno la lugha yao hakuwa nalo. Angeweza kuinua mkono. Aliuacha ukining'inia.

Ajabu ni kwamba aliporudi nyumbani mambo yalipendeza. Magamba yalipopukutika ulionekana mstari wa nywele fupi, mweusi, ukipita pale pale ulipochorwa. Bi Hariri aliingia saluni kichwa wazi. Wateja wakapiga makofi, mmoja akamkumbatia na mapovu ya shampuu kichwani. Wakala alipomwomba maneno machache ya video, alisimama mbele ya kioo kikubwa akasema, "Msiogope. Mimi ni msusi, nywele nazijua."

Video ikasambaa, na jioni ile ile wifi akaja, akaketi, akajitazama paji.

"Na mimi niende?"

Maneno ya yule mama mwenye miwani yalimjia Bi Hariri neno kwa neno. Zake bado ziko hai. Asiguswe na mtu. Aliyasikia kabisa. Lakini furaha ya mtu mmoja ina upweke wake, naye alitaka mwenzake wa kufurahi naye.

"Nenda, wifi," alisema. "Unangoja nini?"

Kaka yake, mtu wa maneno machache, alimpigia simu kesho yake. "Wewe ndiye unayeyajua haya. Ni salama?"

"Ni salama, kaka."

Kabla ya safari ya wifi, nywele za Bi Hariri zilianza kuanguka. Zilibaki kwenye mto, kwenye taulo. Wakala alimwambia ndivyo ilivyo, zinaanguka kisha zinaota za kudumu, na kweli ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Lakini kisogoni palikuwa panawasha, na vidole vyake vilikuta vipele vigumu vinavyoinuka. Siku ya kumsindikiza wifi alikuwa amefunga kilemba.

"Mbona umekirudia?" wifi alimuuliza langoni, begi mkononi.

"Jua kali," akasema.

Wakaagana.

Wifi alirudi na homa. Kule walimwambia paji lake linahitaji zaidi ya alivyofikiri, wakamchimba kisogo kizima, wakampachika vinyweleo katikati ya vile vilivyokuwa hai, vikafa vyote pamoja. Kidonda cha nyuma kilitoa usaha. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na ngozi ilipofunga ilifunga kwa mabonde na vilima. Hotelini walimwonea huruma, wakamhamishia chumba cha mashuka, kusikofika wageni. Bi Hariri naye alingoja miezi. Mbele paliota nywele chache zilizotawanyika, kama majani yaliyoponea kwato za mifugo. Nyuma palibaki makovu.

Hospitalini alikwenda kila siku, lakini daima kulikuwa na watu. Siku wifi alipokuwa nyumbani peke yake, mchana, Bi Hariri alibisha hodi. Alimkuta amekaa dirishani, mtandio mwepesi kichwani, anakunja nguo za watoto. Alikaa sakafuni akamsaidia kukunja.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema.

"Kwa lipi? Si wewe uliyeshika chombo."

"Nilikuambia uende."

Wifi alinyoosha kola ya shati. "Yule daktari simkasirikii sana, unajua? Yule simjui. Wala yule kijana wa 'dada yangu, dada yangu'. Ningewaamini vipi watu nisiowajua? Mimi nilikuamini wewe." Akaliweka shati juu ya mengine. "Nikuulize kitu. Yale maneno ya yule mama wa miwani, kuhusu mimi. Siku ile ulikuwa unayakumbuka?"

Bi Hariri angeweza kusema hapana. Ulimi hauna mfupa.

"Nilikuwa nayakumbuka."

"Mimi nilikuwa nimeyasahau. Nilimwona mzee wa kutisha watu, nikamtoa akilini." Wifi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na pale langoni, nilipokuuliza kilemba?"

"Zilikuwa zimeanza kuanguka. Na nyuma palikuwa pameanza kuvimba."

"Afadhali ungesema umesahau," wifi akasema.

Wakamaliza kukunja nguo. Hakumfukuza, wala hakumwomba akae.

Baada ya hapo Bi Hariri alifanya aliyoyaweza. Aliandika kwa kliniki akitaka video iondolewe. Wakala hakujibu, mwishowe hakupatikana. Akatoa nyingine ya kusema ukweli, kilemba kimefunguliwa, kisogo kimeelekezwa kwenye taa. Ile ya kwanza iliendelea kusambaa kuliko ya pili, na wanawake asiowajua walimpigia. Wengine walimsikiliza. Mmoja alimwambia, "Wewe umeshapendeza, sasa unatufungia mlango," akakata simu.

Alimtafuta pia yule mama mwenye miwani. Mama hakumsuta. Alitazama picha zote, akasema kwa Bi Hariri hana la kufanya, shamba la kuchukulia mbegu limeharibiwa. Kwa wifi alieleza sindano za kulainisha makovu, zinazoweza kuchomwa na daktari yeyote wa ngozi. Bi Hariri alimpa kaka maelezo yale, na kaka akampeleka mkewe. Makovu yakalainika kidogo kidogo, mpaka wifi akaweza kulala chali.

Nywele zilizobaki wifi alizinyoa zote. Kaka humnyoa kwa mashine, uani, na wapita njia husema upara unampendeza. Hotelini wamemrudisha mapokezi. Saluni hakanyagi tena, na Jumapili Bi Hariri hufagia sakafu iliyo safi.

Wanaonana kwenye shughuli za familia. Juzi walikutana kwa kaka, sebuleni, watoto wakigombania rimoti. Wifi alimletea chai kwenye kikombe cha wageni, kwa mikono miwili, akauliza kama sukari inatosha. Bi Hariri akasema inatosha, ahsante. Wifi akasema karibu, akakaa kiti cha mbali, akauliza habari za kazi. Zamani angemwambia amenenepa. Angemwambia gauni hilo ni la mazishi ya nani. Sasa wanaheshimiana, na kati ya mawifi hakuna kinachouma kama heshima.