Kadi ya Baba

Mimi nalipwa mshahara kuwavunja watu mbavu. Huu mwaka wa kumi na tano naandika kichekesho kile kile cha televisheni, kila Alhamisi saa moja na nusu jioni: familia moja, sebule moja, sofa moja iliyobadilishwa kitambaa mara tatu. Watu wakijua kazi yangu hunitaka niwachekeshe hapo hapo, kana kwamba daktari wa meno akikutana nawe sokoni hukung'oa jino.

Chumba chetu cha waandishi kina sheria moja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hujagusa chai, unatoa mchango: jambo moja la kweli lililotokea nyumbani kwako. Linaandikwa kwenye kadi, kadi inabandikwa ubaoni, na ikishabandikwa ni mali ya chumba, hairudi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuomba kadi ya mkewe itolewe kwa sababu mke amenuna. Nikamwambia mbele ya wote kwamba asiyetaka kuchekwa akaandike utabiri wa hali ya hewa. Sheria ile niliitunga mimi.

Basi Jumatatu moja zamu yangu ikafika sina kitu. Nikakumbuka mambo ya Jumamosi. Nilikwenda kumwona baba, nikabisha hodi, akafungua mwenyewe, amevaa koti la suti juu ya nguo za kulalia. Akanikaribisha kwa heshima zote, akanisogezea kiti, akasema, "Kaa hapo, kijana. Mwanangu yuko njiani, anafika sasa hivi." Nilidhani ananitania, maana mimi na baba utani ndiyo salamu yetu. Nikamjibu, "Haya mzee, tumsubiri." Tukakaa nusu saa tunanisubiri mimi.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwandishi mkuu, ambaye tunamwita Mama Mkasi kwa jinsi anavyokata maneno ya watu, alifuta machozi na kuiandika kadi kwa mkono wake: "Babu anamsubiri mwanawe, na mwanawe amekaa naye." Nikanywa chai yangu kwa raha.

Jumatano dada yangu, anayeishi na baba ila Jumamosi ile hakuwepo, akanipigia simu kutoka hospitali. Daktari alikuwa amempima baba. Ni ugonjwa wa kusahau, umeanza kitambo, na hauna kurudi nyuma.

"Wewe ulikuwa naye Jumamosi, mdogo wangu," akasema. "Hukuona kitu?"

Niliona, tena nikasimulia watu wakacheka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Kesho yake nikaingia ofisini kwa Mama Mkasi. "Mama, naomba ile kadi ya baba. Kumbe mzee alikuwa anaumwa."

Akaweka kalamu chini. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema, "Imeshakuwa kipindi kizima. Mwigizaji wetu wa Babu ameshakariri, anasema hajawahi kupewa kitu kizuri kama hiki."

"Nitaandika kingine leo. Nitaandika viwili."

"Na kadi ya mke wa mwenzako, tuliitoa?"

Mdomo uliponza kichwa. Nikasema basi naacha kazi. Akanitazama kwa huruma. "Acha, mdogo wangu. Kitarushwa tu."

Sikuacha. Siku ya kurekodi nilimfuata mwigizaji wa Babu nyuma ya pazia, mzee mpole asiye na makuu, nikamwomba aipunguze ile sehemu. Akanielewa. Akaicheza taratibu, kwa sauti ya chini, bila mbwembwe, na watazamaji waliokuja studio wakacheka mara mbili zaidi.

Likabaki moja tu, baba asikione kipindi hicho. Nikamwomba dada amtoe kidogo jioni ya kurushwa kwake, hata wakazunguke mtaa.

"Nimtoe vipi?" akasema. "Jina langu linampotea. Alhamisi haijawahi kumpotea."

Ikabidi nikae nao. Baba alikuwa amechana nywele na kuvaa viatu, kama mtu anayetarajia wageni. Alicheka mwanzo, kicheko chake kile cha kupiga goti. Moyo ukanitulia kidogo. Kisha Babu wa kwenye televisheni akafungua mlango, akamkaribisha mwanawe kwa heshima zote, akamsogezea kiti. Studio ikalipuka. Baba akaacha kucheka.

"Mbona wanamcheka?"

"Ni mchezo tu, baba."

"Huyo mzee anaogopa," akasema. "Mtu huyo hamjui, na wako wawili tu mle ndani. Ndiyo maana anamtajia mwanawe. Anataka ajue kwamba kuna mtu anakuja."

Dada akainuka akaenda jikoni. Kwenye televisheni watu walikuwa bado wanacheka, kicheko kirefu ambacho nimekitafuta miaka kumi na tano na sijawahi kukipata. Nilitaka kumshika baba mkono, nikaogopa nitamtisha.

Akanigeukia. "Wewe si unafanya kazi huko? Waambie waache."

"Nitawaambia, baba," nikasema.

Akanishukuru, akaendelea kutazama.