Ndoo Mbili kwa Siku

Mwanatabu hakuwa mtu wa kumwamini karani, seuze karani mwenye kalamu mbili mfukoni. Nicanor, kijana wa bara aliyetumwa na ofisi ya maji, alipobisha hodi kwake Kisauni kuuliza nyumba hutumia ndoo ngapi kwa siku, alimkaribisha, akampa kahawa, na moyoni akasema: huyu kaja na lake.

"Hesabu hiyo ya nini, mwanangu?"

"Kuna mashine Nairobi, mama. Inapewa maji ya mto ya miaka iliyopita, ya kiangazi na ya masika, halafu inapiga hesabu kama vile mto unapita humo ndani. Itatuambia bwawa liwe kubwa kiasi gani, na kila mtaa upate maji kiasi gani."

"Mto, ndani ya mashine?"

"Ni hesabu tu, mama."

Hesabu tu! Serikali ya Mzungu ilipohesabu vibanda, ilikuja kodi ya vibanda. Leo wanahesabu ndoo, na uhuru wenyewe ndio huo unabisha mlangoni. Hawa walitaka kukomba cha mwisho kabla ya kufunga virago.

"Ndoo mbili," akasema bila kupepesa.

Wallahi hata kumi hazikuwatosha. Yeye na bintiye Nadhira walifua nguo za watu, na kisima chao kilikuwa cha chumvi, hivyo Nadhira, mimba ikiwa changa, aliyateka maji kwenye bomba la mbali na kuyabeba kichwani.

Kabla Nicanor hajamaliza kahawa, Mwanatabu alikwishatokea mlango wa uani kwa jirani yake Suad. "Mtego huo, shoga. Sema mbili." Suad akapitisha neno ua wa pili, nao wa tatu. Jioni mtaa mzima ulikuwa unaishi kwa ndoo mbili.

"Na wakitupa hizo mbili kweli, mama?" Nadhira akauliza.

"Wewe huwajui watu hawa."

Miezi ikapita. Nicanor akarudi na ramani, akawakusanya wanawake kiwanjani. Mashine ilikuwa imejibu: miaka ya ukame mto hautoshi wote, kwa hiyo bomba jipya lingeishia mtaa wa jirani, wenye mahitaji makubwa. Mtaa huu ungebaki na lile la mbali, maana ulitumia maji kidogo mno.

Mwanatabu alimtazama bintiye. Nadhira alikuwa ameketi, mkono kiunoni, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia, na ndoo yake pembeni. Aliitazama ndoo hiyo, na hilo lilimchoma mamake kuliko lawama.

"Majibu haya ni ya awali," Nicanor akasema. "Aliyekosea hesabu aseme leo, nipeleke upya. Lakini nyumba moja haitabadilisha kitu. Nahitaji mtaa."

Mwanatabu akasimama.

"Mimi nilisema uwongo. Kwangu ni ndoo kumi, na zaidi. Nanyi semeni, jamani. Mnajua mnachotumia!"

Nicanor akaandika, kisha akainua macho akingoja mwingine. Wanawake wakaangalia kalamu yake, wakaangalia chini. Nadhira peke yake alikuwa akimtazama mamake.

Suad akamvuta buibui taratibu, kwa mapenzi ya jirani wa miaka mingi, akamnong'oneza:

"Kaa kitako, shoga. Mtego huo."